Neno Nililofafanuliwa Shimoni

Nafundisha hesabu katika shule ya kutwa karibu na Kasikeu. Asubuhi moja, kiangazi kikiwa kimekolea, msichana wa Kidato cha Nne alinyoosha mkono. Alikuwa amekutana na neno "unari" kwenye kitabu cha kompyuta cha kaka yake.

"Mwalimu, maana yake nini? Na limetoka wapi?"

Maana niliijua nusunusu. Asili yake sikuijua kabisa. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu: mzee aliyenifundisha hesabu nikiwa msichana. Kabla ya ualimu alisoma Kilatini seminari, akaiacha ili aoe. Mkewe alishafariki, na sasa aliishi peke yake kando ya mto wetu, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Baada ya masomo nikaenda kwake. Nyumba ilikuwa wazi, hakuna mtu. Nikateremka mtoni.

Malori yalikuwa yamezoa mchanga pale kwa miezi mingi, na maji yamezama mbali. Nilimtambua kwa kofia tu. Alikuwa ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, kina chake kikimpita mabega, akichota maji kwa kikombe na kuyamimina mtungini.

"Shikamoo, Mwalimu. Si utoke kwanza tuongee?"

"Marahaba, mwanangu. Mtungi haujajaa. Sema tu."

Nikachuchumaa, nikamwambia neno. Alicheka kwa furaha. Kwa kidole akaandika kwenye ukuta wa mchanga uliolowa: 8 − 5.

"Hapa alama ya kutoa inashika namba mbili, moja kila upande. Hiyo ni bainari, ya mbili." Akaandika chini yake: −5. "Hapa imeshika moja tu. Inaichukua tano na kuigeuza hasi. Kipeuo cha pili ni vilevile, unakipa namba moja, kinakupa jibu. Hiyo ndiyo unari. Kwa Kilatini moja ni unus. Bainari ilikuwepo tayari, wanahesabu wakaunda ndugu yake."

Mchanga ulikuwa ukichuruzika kutoka pale alipoandika. Ile tano ilishafutika. Halafu nikaona ufa, mwembamba kama uzi, ukipita mbele ya viatu vyangu na kuzunguka ukingo.

"Mwalimu, toka. Tafadhali."

"Vikombe viwili tu."

Nikarudi nyuma, nikalala kifudifudi na kumnyooshea leso niliyojifunga kiunoni. Aliinama kuuchukua mtungi. Ukuta ukashuka bila kelele, kama unga unaomwagika gunia likitoboka. Ulipotulia, mchanga ulikuwa umemfikia kifuani. Alinitazama. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa vumbi.

Nilipiga mayowe. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji upande wa juu wa mto walikuja mbio, wakawaacha punda wao. Tulifukua kwa mikono na masufuria yao ya kuchotea, mmoja akimpitishia leso makwapani na kuivuta. Kila tulipotoa mchanga, mwingine ulirudi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipomtoa. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Binti yake alikuja kumchukua, wakaenda kukaa mjini Wote. Hatembei tena bila mkongojo. Nikimpigia simu ananiuliza kama mvua imenyesha.

Siku iliyofuata ajali nilimjibu yule msichana. Niliandika zile alama ubaoni, nikaeleza kila kitu isipokuwa mahali nilipojifunzia.

Wiki iliyofuata nilipita mtoni. Magurudumu ya malori yalikuwa yameacha alama mpya. Hatua chache kutoka pale tulipomfukua palikuwa na shimo jingine, refu kuliko la kwanza, na mtungi wa plastiki wa njano ukingoni. Kutoka ndani nilisikia kikombe kikikwaruza mchanga. Nilimwita aliyekuwa ndani atoke. Kikombe kikanyamaza kidogo, kisha kikaendelea.