Mume Wangu Alitembezwa Tanga Akiwa Kitandani Mwakitolyo

"Maji ya bahari yanapikiwa ugali? Tangu lini? Hebu niambie, Mwanaima, tangu lini?"

Jirani yangu Philomena alikuwa kashika kiuno upande wa pili wa ua wa minyaa. Sauti yake ilishindana na makarasha yanayosaga mawe kule chini.

"Nilisema wengine ndio wanachota..." Mwanaima akajibu, beseni la vitumbua bado liko kichwani.

"Wanachotea wapi? Mimi nimekaanga chipsi Tanga miaka mitatu! Yale maji ni chumvi tupu, ukipikia ugali hata mbwa anakususia. Wewe Tanga unaijua wewe?"

Mimi nilikuwa katikati yao, ufagio mkononi, mdomo wazi.

Na hatua tano nyuma yangu, ndani, mume wangu alikuwa kitandani anasikia kila neno.

Wadau, ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Ugomvi huu haukuwa wa ugali.

Mimi ni Mama Masalu, wa hapa hapa Mwakitolyo, kwenye dhahabu. Zamani nyumba yangu ilikuwa kama stendi. Ukitaka kujua nani kaachika, duara la nani limetema dhahabu, nani katoroka na mke wa nani, unakuja kwangu. Unakalia kigoda, unapewa chai, unapata habari ikiwa bado inatoa moshi.

Halafu Ngassa wangu akaanza kukohoa.

Miaka kumi na nane alipasua mwamba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kusaga mawe kwenye karasha. Kinga yake ilikuwa kipande cha khanga yangu, kafunga puani.

Mtaa mzima ukaamua ni kifua kikuu. Hospitali wakampima, wakarudia kumpima. Mwisho daktari akanivuta pembeni.

"Mama, hiki siyo kifua kikuu. Ni vumbi la mawe. Haliambukizi. Ila likishakaa mapafuni, halitoki."

Nikarudi nikatangaza kisimani kwa sauti ya mnada: haliambukizi jamani!

Nani anisikilize? Vigoda vikabaki vitupu. Shoga zangu wakawa wananisalimia huku wanatembea. Mmoja nikamkaribisha chai, akasema amefunga. Mtu namjua, hajawahi kufunga hata Ijumaa Kuu!

Aliyebaki kuingia ndani ni Mwanaima peke yake, muuza vitumbua. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kunywea kikombe kile kile cha Ngassa.

Siku moja Ngassa akasema, "Mama Masalu, hewa ya bahari haina vumbi. Nipeleke nikavute."

Mwanaima akadakia. "Baba Masalu, si mniambie mimi! Kwetu Tanga. Mama yangu yuko Chumbageni, nyumba kubwa, atawapokea. Mkipata nguvu ya safari twende wote."

Nikamkumbatia. Mgonjwa apelekwe wapi bila mwenyeji? Sasa mwenyeji nimempata, nikaanza kupanga safari.

"Kwa sasa ngoja nikutembeze kwa mdomo," akamwambia Ngassa.

Ndipo utalii ukaanza. Kila asubuhi, vitumbua vikiisha.

Siku ya kwanza wakaenda Mapango ya Amboni.

"Unaingia kwenye shimo refu," Mwanaima anasema, "juu wamepiga matimba ya mbao lisiporomoke, na kamba ya kushukia ipo."

"Na watu wanalipa kuingia?" Ngassa akauliza.

"Wazungu wanatoka kwao kabisa!"

Ngassa akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mama Masalu, unasikia? Mimi nimeingia shimoni miaka kumi na nane, kumbe nilikuwa mtalii."

Siku nyingine ikawa kisiwa cha Toten. Mwanaima akasema kule kuna makaburi ya kale.

"Hapo tusianzie," mume wangu akasema. "Tutafika tu."

Wakaenda Tongoni kwenye magofu. Wakaenda kwenye maji moto. Wakakaa ufukweni Raskazone, miguu ndani ya maji, wanakula machungwa. Kila wakimaliza, Ngassa alikuwa anasema, "Wabeja, mwenyeji," yaani asante, kisha analala usingizi wa maana. Usingizi ambao dawa zilishindwa kumpa.

Sasa mimi na mdomo wangu.

Habari tamu kama hiyo ningekaa nayo vipi peke yangu? Nikaipeleka kisimani. Nikasimulia Raskazone, machungwa, na akina mama wa kule wanaochota maji ya bahari wakapikie ugali. Nilitaka waone wivu. Nilitaka waanze kuja tena.

Philomena alikuwa kwenye foleni, nyuma yangu. Alibeba ndoo yake mpaka nyumbani, akamsubiri Mwanaima pale uani.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ule ugomvi.

"Jibu!" Philomena anapiga kelele. "Chumbageni mtaa gani? Mama yako anaitwa nani nimpigie mdogo wangu akamwone?"

Mwanaima akatua beseni. Akaliweka chini polepole, kama lina mayai.

"Mama yangu alikufa nikiwa na miaka saba," akasema. "Yeye ndiye wa Tanga. Mimi nimezaliwa Kagongwa, huku huku bara. Bahari sijawahi kuiona. Alikuwa ananisimulia nikiwa naumwa. Pale nilipokuwa nimesahau, nilijaza mwenyewe."

Philomena akaachia kiuno. Nadhani alitaka ushindi, siyo hicho alichokipata.

Mimi? Nilihisi kama mtu kaniibia safari.

"Ulitaka nimpakie mume wangu kwenye basi," nikamwambia, "nimfikishe kwa marehemu?"

"Dada, nilijua hawezi..."

"Toka! Usikanyage tena hapa!"

Akabeba beseni lake, akaondoka. Hakugeuka.

Nikaingia ndani. Ngassa alikuwa anaangalia bati.

"Umemfukuza mwenyeji," akasema.

"Mwenyeji gani? Muongo yule! Hajui hata bahari ina chumvi!"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikakaa chini.

"Yale mapango hayana matimba," akasema. Siku hizo alikuwa anasema maneno matano, anapumzika. "Ni jiwe lenyewe limejitoboa. Mwaka mmoja kabla sijakuoa, nilikuwa kuli bandarini Tanga. Miezi minne."

"Ngassa! Hujawahi kuniambia!"

"Nilirudi mikono mitupu. Ningekusimulia nini? Amboni nilipeleka mifuko ya saruji, nikachungulia mlangoni, nikarudi kazini. Hakuna aliyenitembeza." Akapumzika sana. "Mwanaima kanitembeza."

"Na ile safari? Mbona uliniacha nipange?"

"Mama Masalu, nilitamani, ila nisingefika hata Tinde, hapa hapa mkoani kwetu. Wewe ndiye uliyekuwa unaitaka. Ulikuwa ukiipanga unaimba."

Nikalia mpaka nikasikia aibu.

"Kamwite," akasema. "Tulikuwa hatujaenda kwenye mnara wa saa."

Nikamwambia sawa.

Lakini wadau, nisiwadanganye. Sikwenda. Nilijiambia aanze yeye kuja kuomba radhi, mimi ndiye niliyekosewa. Siku ya kwanza nikafua. Siku ya pili Ngassa akauliza, "Mwenyeji hajaja?" Nikasema anaumwa. Siku ya tatu akauliza kwa macho tu.

Nikasema kesho asubuhi nitakwenda, potelea mbali.

Asubuhi niliamka, chumba kimya. Kile kikohozi nilichokuwa nakichukia, siku hiyo nilikitega sikio kama mtu anayesubiri gari. Hakikuja.

Na msibani sasa! Nyumba ikajaa. Vigoda havikutosha, watu wakakalia ndoo. Wale wote waliokuwa wanaogopa kikombe cha Ngassa wakaja kula kwenye sahani zake. Yule aliyefunga siku ile aliongeza ubwabwa mara mbili. Philomena ndiye alikuwa jikoni tangu alfajiri, anasonga ugali, macho mekundu, hataki kuniangalia. Nami sikuwa na cha kumlaumu. Alipeleka maneno, ndiyo, lakini aliyatoa mdomoni mwangu.

Nilichokitaka miezi yote, nyumba iliyojaa, nilikipata siku mwenye nyumba anatolewa.

Somo langu ni moja, na mimi nimelilipia. Mgonjwa akikuambia kamwite fulani, vaa kandambili uende saa hiyo hiyo. Kiburi kina kesho. Mgonjwa hana.

Jioni, watu walipoanza kupungua, nikaona mtu kasimama nje ya minyaa, kajitanda khanga, beseni hana. Inaonekana alikuwa amesimama pale muda mrefu, maana vumbi lilikuwa limemkaa miguuni mpaka kwenye magoti.

Nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotelea njiani.

"Alikuwa anakuulizia," nikasema. "Mlibakiza mnara wa saa."

Mwanaima akaziba mdomo kwa khanga.

Nikamshika mkono.

"Ingia ndani ule, mwenyeji. Ugali tumepikia maji ya kisima."