Palizi Ndani ya Tangi la Samaki

Sijui kesho nitaingiaje kazini. Mwalimu Sefu, mkuu wa shule yetu hapa Kasulu, alikwenda kwao Tanga kwenye arobaini ya mkewe, akaniachia tangi la samaki lililoko ofisini kwake. Vioo vyake vilikuwa vimeanza kuota utando wa kijani.

"Usihangaike nao, mwalimu," aliniambia. "Taa uizime mapema tu."

Lakini mimi ni mtoto wa mkulima wa kijiji cha Kitanga, hapahapa Kasulu. Nikiona kijani nisichokipanda, mikono inaniwasha. Nikasugua vioo, kisha nikang'oa na majani yote yaliyoota mle mchangani, nikayatupa kwenye shimo la taka. Nikawaita hata wenzangu waje kuona palizi ya msomi.

Wiki haikuisha, maji yakawa kama mlenda. Samaki hata hawaonekani.

Leo amerudi. Alisimama mbele ya tangi, begi bado liko begani.

"Majani ndiyo yaliyokuwa yakiusafisha uchafu," alisema taratibu. "Marehemu aliyapanda kwa mkono wake. Umeyaweka wapi?"

Nikatazama dirishani. Shimo tulilichoma Ijumaa.