Ubah abisha hodi Shibis kuulizia mabomu

Saa mbili asubuhi, Ubah Mire amesimama mlangoni kwa Bibi Dahabo Gurey, mtaa wa Shibis, Mogadishu. Ana kalamu mkononi na hasogei. Uani moto unawaka, na sufuria ya chai imekaa juu ya mafiga matatu. Mawili ni mawe. La tatu ni chuma chenye kutu, kimezikwa nusu mchangani, na sehemu iliyobaki juu ina mapezi kama ya samaki.

"Bibi," anauliza taratibu, "hilo figa umelitoa wapi?"

"Nililikuta hapahapa nikichimba. Zuri sana hilo, halipasuki kama mawe. Ingia unywe chai."

Ni kombora la vita, na bado halijalipuka.

Ubah, mwenye umri wa miaka 34 na mama wa watoto watatu, ana mwaka wa nne katika kazi hii. Hutembelea familia zilizorudi kwenye nyumba zilizokuwa mstari wa mbele, nyumba kumi na nane kwa siku, akiuliza kama kuna aliyekuta chuma asichokijua. Wengi humpokea kwa shaka. Wapo waliomfungia mlango wakidai ametumwa na watu wanaodai kiwanja hicho ni chao.

Mwenzake kazini, Jimale, alisogea pembeni kupiga simu. Mafundi wa kutegua mabomu walikuwa mtaa wa Karaan. Wangefika baada ya dakika arobaini. Maagizo ni yaleyale siku zote: usiguse, usikimwagie maji, toa watu wote, nenda mbali.

Majirani walitoka bila ubishi. Bibi Dahabo akavuta kigoda, akaketi.

"Mara ya mwisho kuambiwa nitoke kidogo, nilikaa kambini miaka ishirini na saba," alisema. "Nikarudi nikakuta watu wanalala chumbani kwangu. Siendi."

Hakuwa akitia chumvi. Aliikimbia nyumba hii mwaka 1991, akimwambia jirani kwamba angerejea kabla ya alasiri. Aliporudi, ilimchukua miaka miwili mingine ya vikao vya wazee wa koo kuwatoa waliokuwemo.

Ubah anasema alijua kila dakika aliyopoteza pale ilikuwa hatari kwao wote wawili. Lakini alijua pia kwamba bibi kama yule hasukumwi. Akachuchumaa karibu naye, mgongo kwa moto.

"Nilimwambia habari za mume wangu," anasimulia. "Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku moja aliletewa kitu kama kile, akakigonga nyundo. Nilimtambua kwa mkanda wake tu."

Bibi Dahabo akajifunga shuka yake vizuri, akainuka. Wakatoka wameshikana mikono.

Walipofika kona ya barabara, mita mia mbili hivi, Jimale alipokuwa akiwasubiri, bibi yule akasimama. Mlango wa ua alikuwa ameuacha wazi. Kufuli ilikuwa imetundikwa pamoja na ufunguo wake msumarini kwenye ukuta wa nyuma, ng'ambo ya moto. Akageuka kurudi.

Ubah akamzuia kifuani. "Kaa hapa na Jimale. Nitaufunga mimi."

"Ubah, usiingie humo," Jimale alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa tayari amemshika bibi mkono, na hakuweza kumwachia.

Ua ule una upana wa hatua kumi na nne. Chai ilikuwa imeanza kufurika, ikidondokea makaa, na kila tone lilitoa mlio. Ubah anasema alipita akiutazama ukuta peke yake. Alitwaa kufuli, akarudi kwa njia ileile, akaufunga mlango. Mara ya tatu ndipo kufuli ilipoitikia.

Alimwekea bibi ufunguo kiganjani, kisha akakaa chini vumbini.

Mafundi walipofika walisubiri hadi moto ukafa wenyewe na chuma kikapoa. Ikawa karibu na adhuhuri. Waliomba ufunguo, na Bibi Dahabo akamkabidhi mkuu wao baada ya kumuuliza jina lake, la baba yake na la babu yake. Kombora lilitolewa likiwa zima, likapelekwa nje ya mji na kulipuliwa huko.

Ubah alisimamishwa kazi wiki mbili kwa kuvunja maagizo. Halalamiki. "Mkubwa wangu aliniuliza watoto wangu wangelelewa na nani. Ana haki. Lakini yule bibi angerudi mwenyewe, na mimi ningemtazama akirudi."

Amerejea kazini Jumamosi hii. Usiku anasomea utabibu wa dharura, akiwa na nia ya kuomba nafasi katika kikosi cha mafundi, ambacho hadi sasa hakijawahi kuchukua mwanamke.

Kabla ya hapo kuna orodha ya wiki ijayo, mtaa wa Boondheere. Nyumba ya sita ilikuwa ya marehemu baba yake. Inakaliwa na watu asiowajua, na hajawahi kuikanyaga tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Jimale amejitolea kuitembelea yeye. Ubah amekataa.

"Nitabisha hodi kama kwa wengine," anasema. "Nitawauliza kwanza kama kuna chuma uani, maana wana watoto mle. Habari ya nyumba ni ya nani, hiyo tutaongea wakiwa salama."