Muhindi Asiye na Duka

Miaka ya sitini, kabla kalamu haijanizungusha dunia, mhariri alinituma Kebirigo, mashambani Kisii. Nisiporudi na maneno ya mkulima, kazi ya gazeti niisahau. Sokoni nikamuuliza mama mmoja mvua ya mawe ilivyoharibu mahindi yake.

"Nikuambie ndio upandishe bei ya unga?"

"Mama, mimi sina duka. Naandika gazeti."

"Wewe Muhindi, huna duka?" Akanishika mkono taratibu, kama unavyomshika mfiwa. "Pole, mwanangu. Keti." Akanieleza yote, akanifungia na ndizi za njiani.

Kazi nikaipata. Nikakimbilia dukani kwa Baba, mjini Kisii, kumpa habari hiyo njema. Akaweka jiwe la mizani chini, akanishika mkono vilevile.