Sijda ya Theluji Kilimani Kensington

Sifa zote ni za Mola aliyeumba theluji, na kwa huruma yake akaiweka mbali na Tanga, tusije tukafa kwa baridi kabla hatujatubu.

Mimi nakaa Bellevue, hapa Johannesburg. Kila Jumamosi baada ya alfajiri nilikuwa nikipanda mbio kilima cha Kensington pamoja na jirani yangu, fundi cherehani Mkongomani, mlokole. Kilima chenyewe si kirefu, ila tulikiita mlima kwa kuyaheshimu magoti yetu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, hakupenda. Nilipoanguka Ramadhani nikateguka mkono, aliapa kwamba nikianguka tena viatu vyangu vya mbio anavigawa. Nami bila zile mbio ningebaki mzee wa dawa na blanketi tu.

Jumamosi moja tukaamka theluji imetanda. Binti alikuwa kazini, basi tukatoka. Njia ilikuwa nyeupe, haina hata unyayo wa mbwa. Fundi akatangulia akiimba mapambio, mimi nyuma nikihema kama mvukuto. Tukafika juu salama, alhamdulillahi.

Miaka hamsini nimemwomba Mola katika swala anioshe dhambi kwa maji, theluji na barafu, na theluji yenyewe sijawahi kuigusa. Nikaona adabu ni kusujudu sijda ya shukrani. Elimu ninayo, nikatafuta kibla. Nilichosahau hata mbuzi anakijua: kutoka Johannesburg kibla ni kaskazini, na kaskazini ya kilima kile ni mteremko.

Vitabu vinataka paji la uso litulie. Langu halikutulia. Lilitangulia, nami nikalifuata, nikapinduka, nikashuka kwa mgongo mpaka kichakani.

Fundi akaniita kutoka juu, "Mzee, ile Makka unaenda, visa uko nayo?"

Nilipofika nyumbani binti alikuwa amesharudi. Aliona tope usoni na magotini, akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia nilisujudu, na ilikuwa kweli. Akaridhika, hata chai akanimiminia. Kisha nikageuka kuifuata sukari.

"Eish, Baba. Na mgongo nao ulisujudu?"

Nimesomesha watoto madrasa nusu ya umri wangu, nikiwachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Nilianguka, mwanangu," nikasema. "Lakini nilianza kwa kusujudu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akavichukua viatu, akampa fundi, maana vyake vilikuwa vimetoboka.

Siku hizi napanda kwa kutembea, na subira Mola amenipa tele. Fundi hukimbia, akanisubiri juu, akaninyooshea miguu aniringie. Anadai viatu vyangu vimeokoka.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuimarishie magoti, akupe watoto wa kukuhurumia, na kila unapomshukuru akuweke mahali tambarare. Amin.