Wiki Sita za Mama Stoo

Siku niliyofika bweni la wasichana, mwanamke mnene mwenye koti la bluu alinipokonya sanduku kabla sijamaliza kumwamkia.

"Marahaba," alisema, huku tayari analivuta. "Chumba namba ngapi?"

"Kumi na saba."

Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika ubavuni mwa sanduku namba ya chumba na tarehe ya siku ile. "Toa nguo zote, panga kabatini. Hili linakwenda stoo."

Kwenye karatasi za ofisi aliitwa mtunza bweni, lakini hata mshauri wa wanafunzi alimwita Mama Stoo. Alikuwa na kazi nyingi: kugawa mashuka, kupokea magodoro, kuandika bomba linalovuja na taa iliyoungua. Ila moyo wake ulikuwa kwenye kile chumba chini ya ngazi, ambamo masanduku yetu yalisimama kwenye rafu kama vitabu. Ufunguo wake aliuvaa shingoni. Kanuni ya kuweka masanduku stoo ilikuwa ya chuo, kwa sababu vyumba ni vidogo. Kanuni ya kutoyatoa kabla ya wiki ya sita ilikuwa yake mwenyewe.

"Mwenye nguo kabatini amehamia," alituambia jioni ile, tumejipanga kwenye ngazi kama kuku. "Mwenye nguo kwenye sanduku bado yuko safarini."

Akatupa ushauri wake, akihesabu kwa vidole vilivyojaa chaki. Tuchague kiti kimoja darasani na tukae hapo hapo kila siku, mpaka mtu wa pembeni akose raha siku usipokuja. Wiki ya kwanza twende ofisini kwa mwalimu tukaulize swali moja, hata kama jibu tunalo, ili aijue sura yako kabla hajauona mtihani wako. Tufue Jumamosi asubuhi, maana mchana kamba zote zimejaa na tutagombana kwa ajili ya soksi. Na mtu akilia, anawe uso kwanza ndipo apige simu nyumbani. "Mama yako hawezi kukufuta machozi kwa simu. Utamwachia yeye, akae nayo."

La mwisho lilikuwa la sanduku. "Asiniombe mtu kabla ya wiki sita. Anayekimbilia nyumbani wiki ya tatu, ya nne, harudi. Nina miaka kumi na tisa hapa, nimewaona."

"Na kama mtu anakwenda kuolewa?" aliuliza mwenzangu wa chumba. Tulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima.

"Huyo aende mikono mitupu. Mume atamnunulia jingine."

Tulicheka. Hata mimi, mkono mdomoni.

Ni kweli mtu angeweza kuondoka na mfuko wa plastiki. Lango la bweni lilikuwa wazi kutwa. Lakini mimi ni mtu ambaye akinyimwa kitu mara moja haombi tena, na wasichana wengi wa mwaka ule walikuwa kama mimi.

Sanduku langu lilikuwa la Bibi, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Kufuli lake lilikufa zamani, akalifunga kwa kipande cha shuka kuukuu. Wiki ya nne nilipompigia simu, alikohoa kabla hajaniitikia. "Ni kifua tu, mjukuu wangu. We soma." Kisha shangazi akachukua simu, akasogea pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba Bibi hali chakula, siku ya tatu sasa.

Kesho yake asubuhi nilishuka kwenda kuomba sanduku langu. Kwenye ngazi nilikariri sentensi yangu: Mama, bibi yangu anaumwa, naomba kwenda kumwona. Nilipofika kwenye meza yake, nyuma yangu walisimama wasichana wawili wenye mashuka yaliyochanika, na sentensi ikanikwama. Niliyosema ni haya:

"Naomba sanduku, Mama. Nimekumbuka nyumbani."

"Nani hajakumbuka nyumbani? Mimi mwenyewe nimekumbuka nyumbani, na kwangu ni hapo nyuma ya jiko."

Wale wawili walicheka.

"Zimebaki wiki mbili," aliendelea, sasa kwa upole. "Umepata kiti darasani?"

"Ndiyo."

"Wa pembeni yako anaitwa nani?"

Sikujua.

"Kamwulize. Wiki ya sita ukija, nitalifuta vumbi mwenyewe."

Nikasema ahsante. Nilikwenda darasani, nikamwuliza jirani yangu jina lake. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo: ushauri ule ulifanya kazi. Jumapili tulikuwa watatu tunasoma pamoja. Jumanne nilicheka maktabani mpaka mkutubi akagonga meza. Simu yangu ilikuwa imezimwa, kama kanuni ya maktaba inavyotaka.

Niliporudi chumbani, Mama Stoo alikuwa amekaa kitandani kwangu. Sanduku la Bibi lilikuwa miguuni pake, limefutwa vumbi, kipande cha shuka kimefungwa upya. Shangazi alikuwa amepiga simu ofisini.

Sikuhitaji kuambiwa. Alinishika mkono na kunikalisha.

"Alikuwa anaumwa?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Siku ile ulipokuja?"

"Ndiyo."

Alisimama, akafungua kabati, akaanza kutoa nguo zangu na kuzikunja moja moja. Ningeweza kumwambia wakati ule: hukujua, Mama, sikukuambia. Nilikuwa na hasira, na aliyekuwa karibu nami alikuwa yeye. Nikanyamaza.

Tulimzika Bibi. Siku ya tisa nilirudi chuoni. Mama Stoo alipokea sanduku, akaandika namba na tarehe kwa chaki, na hakunitazama usoni.

Tangu hapo hakumnyima mtu sanduku. Mwaka uliofuata niliwasikia wageni wakipewa ushauri kwenye ngazi: kiti, mwalimu, kamba za nguo, kunawa uso. Alipofika kwenye kidole cha mwisho alikikunja, akawatakia usiku mwema. Aliyekuja kuomba wiki ya pili au ya tatu, Mama Stoo alimvulia ufunguo shingoni na kumwambia, "Jichukulie."

"Mwaka huu wameondoka saba," Redio aliniambia. "Mwaka wetu aliondoka mmoja tu, na yule aliolewa kweli."

Magodoro ya wale saba yalilazwa stoo, kwenye rafu zilizokuwa za masanduku. Nilipita mlangoni pale kila siku nikayaona. Nilijua la kusema na wa kumwambia. Nilipita tu.

Mwaka wa tatu, wiki ya tatu ya muhula, nilikuwa nimepanga foleni kurudisha shuka. Mbele yangu alikuwa msichana mwembamba wa chumba namba kumi na saba. Alisema anaomba sanduku. Mama Stoo aliinamisha kichwa, akavua ufunguo.

"Mama, usimpe," nilisema.

Foleni yote iligeuka. Nilihisi masikio yanawaka.

Mama Stoo alinitazama, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

"Siku ile sikukuambia kwamba Bibi anaumwa. Nilisema nimekumbuka nyumbani. Hukujua."

"Sikuuliza."

"Na mimi sikusema. Ningesema, ungenipa."

Aliutazama ufunguo uliokuwa ukining'inia kidoleni. Kisha akamgeukia yule msichana.

"Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Kuna msiba? Kuna mtu amekuita?"

"Hakuna. Nimekumbuka tu." Machozi yalimtoka aliposema hivyo.

"Haya. Darasani unakaa wapi?"

"Popote."

"Kesho usikae popote." Akauvaa ufunguo tena, taratibu, kama mtu anayevaa kitu kilichokuwa kimembana. "Nawa uso, mwanangu. Ukimaliza kunawa kama bado unalitaka, njoo, nitakupa."

Msichana alipanda ngazi. Ikawa zamu yangu. Nikaweka shuka mezani. Mama Stoo hakulikunjua kulikagua kama kawaida yake.

"Alikuwa anaumwa nini, bibi yako?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu watano. Nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia ile asubuhi: kwamba kilikuwa kifua, kwamba alikohoa kabla ya kuniitikia, kwamba alikuwa hali chakula siku ya tatu, kwamba ndiye aliyenilea. Nilisema polepole, mpaka mwisho. Mama Stoo alisikiliza, shuka langu amelikumbatia, na foleni ikasubiri.