Verena Lisle Alikufa Zamani

Hester Quarmby alizaliwa Haverby, mji mdogo wa soko mashariki ya Uingereza, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, na huko huko alirudi kuzeekea. Hapo katikati alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliitwa Verena Lisle, jina alilojitungia ili baba yake asizimie kwa aibu, na kwa jina hilo aliandika riwaya za mapenzi zilizowafanya wanawake wa nchi nzima waunguze mikate. Hakuna kituo cha treni ambacho hakikuuza vitabu vyake. Wajakazi walivificha chini ya mito, na mabibi zao wakawapokonya ili wavisome wao.

Si kwamba vilikuwa vitabu vya maana sana. Vilijaa mvua, farasi, na bwana mmoja mwenye kovu shavuni asiyejua kuomba radhi. Lakini vilipendwa, na kupendwa si jambo dogo, waulize wasiopendwa.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume wakafa kwa maelfu, na waliobaki hawakuwa na haja tena na bwana mwenye kovu. Mchapishaji wake alifariki, na mtoto wa mchapishaji akamwambia Hester kwa upole kwamba dunia imebadilika. Akajaribu kubadilika nayo, akashindwa. Akarudi Haverby kumuuguza dada yake, dada naye akafa, akabaki na paka mmoja na rafu ya vitabu vyake chumbani, nakala moja ya kila kitabu. Mjini walimjua kama Bi Quarmby, binti wa marehemu mchungaji, yule asiyeolewa anayepiga kinanda vibaya kanisani. Jina la Verena hakumwambia mtu. Mwanzoni alimwogopa baba yake. Baadaye hakuna aliyeuliza.

Vita vya Pili vilipokuwa vimewachosha watu, serikali ikataka karatasi. Kila mji uliombwa utoe vitabu vyake vya zamani, vichambuliwe mafungu matatu: vya maktaba zilizolipuliwa, vya askari kambini, na vilivyobaki, vya kinu cha karatasi, visagwe viwe masanduku ya risasi. Bwana Ormerod wa maktaba alimwomba Hester asaidie, maana ni mtu wa kusoma. Akawekwa meza moja, katika ukumbi wa mji, na Dorcas Tibbet, mke wa muuza nyama, mwanamke mwenye mikono minene na mdomo usiojua kupumzika.

Tangu siku ya kwanza vitabu vya Verena Lisle vikaanza kumiminika. Vilikuja kwa vikapu na kwa vigari vya watoto, vikinuka vumbi la dari na mikojo ya panya, na ndani yake watu walikuwa wameandikiana: kwa mpenzi wangu, kwa mama, Krismasi njema. Hester hakujua acheke au alie. Kupendwa kule kwa zamani ndiko kulikokuwa kunammaliza, kwani vilikuwa vingi mno hata havikuwa na thamani. Kila kimoja alichokishika Dorcas kilikwenda fungu la kinu bila kufunguliwa. Iliuma.

Hester mwenyewe hakuthubutu kuokoa hata kimoja. Kujipendelea aliona ni sawa na wizi. Malezi ya mchungaji hayo. Ila alitamani kitu kimoja, na alikitamani kwa uchu uliomtia aibu katika umri wake. Alitaka kitabu kimoja tu kiende kwa askari, kwa kuchaguliwa na mkono wa mtu mwingine. Kijana mmoja asiyemjua, kitandani kambini, akifungue. Basi.

Alhamisi uvumilivu ukamwisha. Akachomoa *Machozi ya Thornmere*, alichokipenda kuliko vyote, akakisogeza mbele ya mwenzake.

"Hiki je, Dorcas? Askari hawawezi kukipenda?"

Dorcas akakitazama, uso ukamlainika. "We! Thornmere! Shoga, hiki kiliniliza nikiwa msichana. Nilijifungia chooni nikalia mpaka mama akadhani nimetiwa mimba."

Hester akamsogelea. "Ulikuwa unalia nini?"

Dorcas akafikiri. Akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma, kisha akacheka. "Unajua hata sikumbuki? Kulikuwa na farasi." Na bila ubaya wowote akakitupa kwenye fungu la kinu.

"Mwandishi wake," Hester akaanza. "Ungekutana naye leo, ungemwambia nini?"

"Nikutane naye wapi, kaburini? Yule alikufa zamani, maskini."

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Watu wale hufa tu. Angekuwa hai si tungemsikia? Nipe kamba hiyo, mwenzangu."

Hester akampa kamba. Maneno mawili, mimi ndiye, yalikuwa tayari kinywani, akayameza. Hakuogopa kuonekana mwongo. Aliogopa kuaminiwa, halafu Dorcas, ambaye hakuwa mtu mbaya, amwonee huruma na kukirudisha kile kitabu kwenye fungu la askari kwa ajili yake. Hicho hakingekuwa kitabu tena, kingekuwa sadaka. Akafunga furushi lake, akaenda nyumbani, akamlisha paka, akakaa kitini akiitazama ile rafu mpaka chai ikapoa.

Asubuhi alifika ukumbini akisukuma kigari cha mtoto alichoazima kwa jirani, kimejaa vile vitabu vya rafuni kwake. Dorcas akachungulia ndani, akatoa macho.

"Bi Quarmby! Kumbe na wewe ulikuwa mpenzi wa Verena, umekaa kimya tu?"

"Nilikuwa."

"Na umevitunza hivi! Hubakishi hata kimoja cha kumkumbukia?"

"Nimkumbuke wa nini?" Hester akasema, akivua glavu. "Si umesema amekufa?"

Dorcas akacheka kwa raha, akasema leo Bi Quarmby ana utani. Akaanza kuvirusha kwenye fungu la kinu, na Hester, ili kazi iende haraka, akawa anampa viwili viwili.